Garama Ataka Unyapara

Garama wa Chaani alikuwa kuli hodari katika bohari moja karibu na bandari ya Kipevu. Nguvu alikuwa nazo, na hesabu alizijua. Ila mdomo wake! Akifika kazini salamu hatoi, ni kufoka tu: "Nyanyua! Umelala?"

Mwaka wa 1998 bohari ilitafuta nyapara. Waliotaka kazi hiyo walipewa mtihani, na maswali yake yalikuwa mageni. Ukikasirika hufanya nini? Mwenzako akinyamaza ghafla, utajuaje ana nini? Kisha makuli nao wakaulizwa juu ya kila mmoja. Garama akaanguka.

"Wapima roho, hawapimi kazi!" akamlalamikia mkewe, Nyevu.

Basi akaapa hatakasirika tena. Kesho yake alishinda kazini meno nje. Hata gunia lilipomwangukia kidoleni, alicheka. Makuli wakamkimbia wakidhani amepandwa na shetani. Jioni Nyevu akamkazia macho. "Bwana we, umeniolea mke wa pili?"

Jirani yao, Bi Mwanasaumu, alikuwa karani wa bohari hiyo. Aliposikia, alicheka mpaka leso ikamwanguka.

"Kaka Garama, nani kakwambia umeze hasira? Itakupasua! Itambue tu: sasa nimekasirika. Vuta pumzi, ndipo useme. Na wenzako waulize, uwasikilize. Mtu akiogopwa haambiwi kitu, na kazi huharibika."

"Mtihani utarudi?"

"Baada ya Ramadhani, inshallah, maana nyapara hajapatikana. Lakini makuli wataulizwa tena, usisahau."

Garama akaanza kwa kutoa salamu. Siku moja Katana, kuli mwenzake, aligoma kufunga mzigo. Damu ikamchemka Garama. Akavuta pumzi.

"Katana ndugu yangu, hasira zanipanda. Hebu niambie, kuna nini?"

Katana akamtazama sana. "Kamba ya winchi imechakaa. Nyuzi zakatika. Niliiona tangu juzi."

"Na hukusema?"

"Nikwambie wewe? Nitukanwe?"

Garama akaenda mwenyewe kuomba kamba mpya, na mzigo ukapanda salama, watu chini wakiwa wazima.

Baada ya Ramadhani mtihani ukarudi, na makuli wakaulizwa tena. Walimsengenya kidogo, lakini wakamtaka. Garama akapita.

Asubuhi yake ya kwanza ya unyapara, Katana akampigia kelele mbele ya watu wote. "Nyapara! Magunia hayo umeyapanga vibaya, yataanguka!"

Garama akageuka kutazama. Kweli, yalikuwa yameinama.

"Ahsante, Katana," akasema. "Njooni tuyapange upya."