Herufi Moja ya Bibi Rudisha

Jumamosi mtaa wa vyombo vya umeme vya mtumba hauna adabu. Spika zinashindana kupayuka, watu wanakanyagana, na ukisimama vibaya unasukumwa na mtu aliyebeba friji. Katikati ya vurugu hiyo, msichana wa gauni la kijani na raba nyeupe alisimama mbele ya kibanda cha fundi, feni mbovu mkononi, akasahau kabisa kilichomleta. Fundi alikuwa ananusa betri ya simu. Jamani, nani hunusa betri?

"Unanusa nini?" alishindwa kujizuia.

"Kama imevuja. Ikinukia kama rangi ya kucha, haifai tena."

Akaomba na yeye anuse. Hapo ndipo fundi alipokwisha habari yake, maana miaka yote ya ufundi wake hajawahi kupata mteja wa namna ile. Feni ilipona kwa dakika kumi. Mwenye feni aliondoka baada ya saa tatu.

Zikafuata simu. Msichana alipiga kuuliza televisheni za kizamani zina nini ndani hata zikawa nzito vile. Fundi alipiga kuuliza kama amekula. Alimtania kwamba anahoji watu kama polisi, naye akacheka bila kukana. Kazi yake alisema iko bandarini, ofisi ya mazingira. Fundi akadhani anapanda miti.

Fundi naye alikuwa na lake moyoni. Alikuwa ameacha kazi ya kuajiriwa, akajishikiza kwenye kibanda kile, na kuweka kila alichonacho kwenye kontena moja la kompyuta zilizotumika, afungue karakana yake mwenyewe. Sheria aliijua: kompyuta ya mtumba ikiwa inafanya kazi, inaingia. Ikiwa imekufa, hiyo ni taka, na taka iliyokuja bila serikali ya huko na ya hapa kukubaliana inarudi ilikotoka. Tena bandarini kulikuwa na mkaguzi ambaye mawakala wa kutoa mizigo walimwita Bibi Rudisha, kwa jinsi alivyorudisha makontena bila kupepesa macho. Fundi alimwazia kuwa kikongwe mwenye miwani puani.

Jumanne kontena lilifunguliwa. Fundi akasimama nje ya uzio wa waya na wenye mizigo wengine. Mtu aliyekuwa pembeni yake akanong'ona kwamba huyo ndiye Bibi Rudisha, na fundi akaona kofia ngumu, kizibao cha kung'aa, buti, na chini ya kofia uso wa mpenzi wake.

Msichana naye hakuwa na habari, kwa sababu karatasi zilikuwa na jina la wakala. Alipomwona fundi kwenye uzio, macho yamemganda kwenye kontena lile, alielewa mara moja mzigo ni wa nani. Akanyanyua mkono kidogo, akaushusha, akarudi kazini. Alichomeka kompyuta moja baada ya nyingine kwenye umeme, na kila boksi lililokwisha akaliandika kwa chaki. M. M. M.

Fundi alizisoma zote. Mtaani kwao kila karakana inajua M ni mbovu. Hakungoja ukaguzi ufike nyuma ya kontena. Alikwenda zake na kuzima simu.

Siku tatu msichana alipiga na siku tatu hakumpata. Alikonda kwa mawazo, akijiuliza amemkosea nini. Ijumaa asubuhi akamfuata kibandani akiwa na buti zake za kazi na bahasha kwapani. Fundi hakuinua kichwa. Alimwambia ajipongeze, maisha yake yote ameshayarudisha.

"Nimerudisha nini mimi?"

"Si umeandika M kila boksi? Nimeona kwa macho yangu."

"M ni mzima, wewe. Taka naandika T."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Kompyuta huwa nzima. Mzima imetoka wapi?"

"Kwenye fomu zetu kila kitu ni mtambo. Mtambo mzima."

Walitazamana. Msichana alicheka mpaka akakalia televisheni ya mteja, kisha kicheko kikageuka kilio. Alimuuliza aliwezaje kuamini kwamba angemzika kwa chaki, na hata kupiga simu kuuliza asipige. Fundi akaomba radhi, mara mbili, bila kujitetea.

Si maboksi yote yaliyopita, msichana alisema akijifuta. Maboksi ya nyuma yalijaa vioo vilivyopasuka. Aliyemuuzia alimchezea mchezo. Hayo yanarudi, na asimbembeleze. Fundi alikubali kabla hajamaliza.

Lilibaki la bahasha. Ndani kulikuwa na fomu ambayo msichana mwenyewe aliiomba kwa mkuu wake: mkaguzi aeleze uhusiano wake na mwenye mzigo. Akiandika hakuna, mzigo unatoka leo. Akiandika chochote kingine, mkaguzi mwingine anaanza upya, wiki mbili, na yeye hatagusa tena mzigo wa fundi maisha yake yote.

Fundi aliisoma polepole. Karakana mpya ilikuwa imeshapakwa rangi, na wateja alikuwa amewaahidi Jumatatu.

"Andika mchumba," alisema.

"Unaniposa kwa fomu ya ofisi?"

"Nakuposa. Kwa wazazi wako nitakuja na maneno mazuri zaidi. Lakini hilo neno hakuna sitaki kuliona karibu na jina lako."

Msichana akaandika. Mstari uliofuata uliuliza: tangu lini?

Fundi akachangamka. Si wamechumbiana leo hii? Basi aandike leo, na ukaguzi wa Jumanne utabaki halali, mzigo utoke. Msichana alifikiri, kalamu hewani.

"Jumanne nilikuwa nimeshakupenda," alisema. "Nilipokuona pale nje nikawa napima kila kompyuta mara mbili, nisije nikakupendelea. Siwezi kuandika leo."

 Fundi akamwambia aandike ukweli, naye akaandika.

Fundi akawasha simu, akaanza kuwapigia wateja wake mmoja mmoja awaombe wasubiri wiki mbili. Wa kwanza alifoka, akataka kujua kulikoni.

"Nimeposa," fundi alimjibu.