Vimiguu vya Kompyuta ya Sikudhani

Kompyuta mpakato ya Sikudhani iliteleza juu ya meza yenye mafuta ya chipsi, pale stendi ya Masasi, ikaondoka kama sabuni bafuni. Kijana mwenye shati la njano akaidaka kabla haijafika chini.

"Dada, hii haina miguu." Akaigeuza. Vimiguu vyote vinne vya mpira vilikuwa vimebanduka, na gundi iliyobaki imenasa nywele, mchanga na bawa la mende.

"Usiangalie, kaka," Sikudhani alinong'ona, masikio yakimwaka. "Inatia kinyaa."

"Mimi fundi. Nimeshaona mabaya zaidi. Naitwa Hamudi."

Aliondoka nayo, na baadaye akamrudishia ikiwa na vimiguu vipya, vyeusi, imara. Kuanzia hapo simu hazikukatika: huku "mwalimu wangu", kule "fundi wangu".

Siku ya kikao cha wazazi, shuleni kwake Newala, kompyuta ilipata joto. Harufu ikaanza kupanda. Ya yai viza, nzito, ya kushika ulimi. Bimdogo, mwalimu mwenzake, akaziba pua kwa mtandio.

"Jamani, nani kachafua hewa?"

Macho yote yakamwendea Sikudhani ndani ya gauni lake la kitenge alilolipiga pasi kwa saa nzima. Aliinama, akanusa chini ya kompyuta. Vilikuwa vile vimiguu vipya.

Alikimbilia nyuma ya darasa, akapiga simu.

"Hamudi, umenibandikia nini? Kandambili za chooni?"

"Mpira safi huo, mpenzi. Mbona mimi sikusikia harufu?"

"Kwa hiyo mimi mwongo? Watu wamenikimbia!"

"Labda ulikula mayai," alitania.

Sikudhani akakata simu, akaifungia namba yake. Alilia kwa aibu, kisha kwa kumkosa, na hilo la pili ndilo lililomuudhi zaidi.

Msimu wa kupuliza mikorosho ulipoingia, asubuhi moja alifungua dirisha, akaiziba pua. Harufu ileile! Ilitoka mashambani, kila upande. Salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho.

Jioni hiyo mtu alibisha hodi. Alikuwa Hamudi, wa njano kuanzia nyusi hadi kucha, akinuka hadi paka akatoka nje.

"Kumbe salfa!" Sikudhani alisema, pua kaibana.

"Vile vimiguu nilivikata kwenye mpira wa mashine yangu ya kupulizia mikorosho. Vya dukani hubanduka. Nilitaka vyako visibanduke. Pua yangu imezoea, sikujua kama vinanuka."

"Na hilo vumbi lote?"

"Mpira umebaki mfupi. Nikipuliza, nusu inanirudia usoni."

Sikudhani alimtazama: makamasi ya njano, kope zimegandana. Alikuwa anatia kinyaa kuliko kitu chochote alichowahi kukiona. Akashika mkono wake.

"Siku," Hamudi alisema taratibu, "wazee wangu waje kwenu?"

"Waje," alijibu bila kuiachia pua. "Ila wewe kaoge kwanza. Halafu ukaoge tena."