Kumsindikiza Bibi Harusi

Saa tisa alasiri, katika mji ambao hakuna mtu anayejua Kiswahili, mtu alipiga hodi.

Efrazia alikuwa anakunja nguo za binti yake. Ilikuwa siku yake ya tatu katika mji huo wa mlimani, kaskazini mwa India, kwenye Himalaya. Alikuwa ametoka Lutindi, Korogwe, kuhudhuria mahafali ya Joyceline, aliyesomea ufamasia huko miaka minne. Jumamosi wangepanda basi hadi Delhi, kisha ndege ya kurudi nyumbani.

"Hodi," sauti ilirudia. Ilikuwa ya mwanamke, yenye lafudhi ya Kisambaa.

"Karibu, pita ndani," Efrazia alijibu bila kugeuka.

Mlango ulifunguka, ukafungwa. Chumba kikanuka sufu iliyolowa na maua yaliyooza. Bangili zililia mara moja. Kitanda cha Joyceline kikabonyea ukingoni, kama mtu ameketi. Hapakuwa na mtu.

Kesho yake asubuhi Joyceline alitoka kwenda kuchukua cheti chake. Alishuka ngazi kumi na nne kuelekea barabarani, akajikuta amesimama mlangoni. Akajaribu tena. Mara ya tano alirudi ndani analia, mkono wake wa kushoto ukiwa wa baridi hadi kwenye kiwiko.

"Mama, kuna mtu amenishika."

Efrazia alishuka ngazi zile zile bila shida, akamwita mwenye nyumba, Bi Kamla. Mama huyo alifika kizingitini, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili. Alizungumza Kihindi kwa sauti ya chini. Joyceline alitafsiri kutoka kitandani.

"Anauliza nani alimkaribisha."

"Alimkaribisha nani?"

"Bibi harusi. Mama, hapa kila kitu kina hadithi. Lile ziwa la hapa mjini wanasema ni jicho la mungu wao wa kike, Sati, lilianguka kutoka mbinguni. Huyu alikuwa anapelekwa kwa mumewe, theluji ikaanza, waliokuwa wanamsindikiza wakageuka, wakamwacha njiani. Anabisha hodi kila nyumba kwa lugha ya aliye ndani. Wenyeji hawamwambii mtu 'karibu' kabla ya kumwona."

"Anataka nini kwako?"

Joyceline aliuliza. Bi Kamla alijibu.

"Mpambe," Joyceline alisema. "Wa kukaa naye."

Kuhani wa hekalu aliletwa mchana. Alikaa nje ya mlango na hakukubali kuingia. Aliyemkaribisha ndiye amsindikize, alisema. Ampeleke hadi kwenye kibanda cha ibada cha bibi harusi huyo, juu kwenye kona ya mwisho ya barabara, na asigeuke mpaka mgeni mwenyewe amwambie rudi.

Efrazia nusura acheke. "Kumsindikiza mgeni? Kwa Msambaa hiyo nayo ni kazi? Mimi na Rosina jirani yangu, namsindikiza, naye ananirudisha, namsindikiza tena, mpaka watoto wanatumwa kututafuta."

Joyceline hakucheka, wala hakumtafsiria kuhani.

Saa tisa ukungu uliposhuka, Efrazia alisimama mbele ya kitanda. "Haya, mgeni. Twende nikusindikize."

Kitanda kiliinuka pale kilipobonyea. Walipanda, Efrazia upande wa bonde na bangili upande wa mlima, wakazipita nyumba ambazo madirisha yake yalifungwa moja baada ya jingine kabla hawajayafikia, na kadiri ukungu ulivyozidi ndivyo harufu ile ya sufu ilivyomkaribia, mpaka alihisi kitambaa chenye maji kikimgusa begani kila alipokata kona, naye akaendelea kutembea kwa sababu chini kule mwanawe alikuwa ameshikwa mkono na hakukuwa na njia nyingine ya kumtoa. Kwenye kibanda bangili zilinyamaza.

"Umefika mbali, mama," sauti ilisema. "Rudi sasa."

Efrazia aligeuka, akashuka karibu anakimbia. Alihesabu kona mbili. Kwenye ya tatu bangili zililia nyuma yake.

"Ngoja, mama. Na mimi nikurudishe kidogo."

Joyceline alimkuta amesimama barabarani. "Mama, nimeshuka! Ngazi zote! Ameniachia!" Alitaka kumkumbatia. Efrazia alinyoosha mkono kumzuia.

"Kachukue cheti chako," alisema. "Pitia upande ule."

Sasa Joyceline ana kazi kwenye duka la dawa, Korogwe mjini, na afya yake ni nzuri. Efrazia anaishi peke yake Lutindi. Kila siku saa tisa anatoka na kupanda hadi kona ya juu, akiacha nafasi ya mtu mmoja pembeni mwake. Kisha anarudi, na nafasi ile ile.

"Mgeni gani huyo asiyefika kwao?" Rosina humtania akiwa shambani.

Efrazia hupita moja kwa moja. Hamwambii tena mtu 'karibu'.

Jumapili iliyopita Joyceline alipiga simu.

"Mama, kaa kwanza. Nimepata mchumba. Anakuja kujitambulisha mwezi ujao, nitakuja naye hapo nyumbani."

"Msije," Efrazia alinong'ona. "Mwanangu, msije hapa."

"Mama? Sikusikii. Tutafunga ndoa Desemba."

Kwenye kiti cha pili, bangili zililia.

"Mama," sauti iliuliza kwa upole, "mpambe wake amepatikana?"