Kengele ya Bafuni

Kila siku akitoka shuleni, Chapuchapu aliutupa mkoba kitandani, akavua viatu bila kufungua kamba, kisha akakimbilia sebuleni kumwamkia babu yake. Jina hilo alipewa na babu huyohuyo. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili alikula chapuchapu, aliosha vyombo chapuchapu, na alipofagia, uvunguni mwa vitanda hamkuonja ufagio hata kidogo.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba. Ni wewe umefika au upepo umefungua mlango?"

Waliishi watatu: yeye, babu, na shangazi yake ambaye alikuwa mhandisi wa mawasiliano. Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya shangazi, chenye meza ndefu iliyojaa nyaya, betri, bisibisi na visanduku vilivyofunguliwa matumbo. Miezi mitano mizima shangazi alikuwa akitengeneza kengele za wagonjwa kwa ajili ya wodi mpya ya kituo cha afya. Mgonjwa angevaa kisanduku kidogo shingoni, na akihitaji msaada angebonyeza kitufe. Mawimbi ya redio yangesafiri bila waya hadi kwenye meza ya wauguzi, na hapo kengele ingelia na namba ya mgonjwa ingewaka.

"Kutengeneza ni nusu ya kazi," shangazi alipenda kusema. "Nusu nyingine ni kupima. Mawimbi yana deko. Ukuta yanaupenya, chuma kinayarudisha, na mwili wa mtu unayameza kwa sababu umejaa maji."

"Basi mimi nimemeza redio nyingi," babu alijibu, akijipigapiga tumbo.

Jumamosi moja, wodi ikiwa bado haijafunguliwa, shangazi alimchukua Chapuchapu wakapime. Palikuwa na sehemu ishirini na nne za kupimwa: penye kila kitanda, ukumbini, stoo, chooni na bafuni. Kila sehemu ilitaka kitufe kibonyezwe mara kumi, huku mtu akihesabu hadi thelathini kabla ya kubonyeza tena. Taa ya kijani ikiwaka kwenye kisanduku, ujumbe umefika. Ikiwaka nyekundu, umepotea. Sauti ya kengele ilikuwa imezimwa isiwasumbue wagonjwa wa wodi ya jirani, kwa hiyo aliyejua matokeo ni yule aliyeshika kisanduku na daftari tu.

"Nakuamini, mwanangu," shangazi alisema, akapanda ngazi upande wa pili kufunga vishikio ukutani.

Chapuchapu alianza vizuri. Alibonyeza, akahesabu, akaandika. Alipomaliza sehemu ya kumi na nane, miguu ilikuwa imechoka na ulimi umechoka kuhesabu. Hapo wenzake watatu wa timu ya mpira wa pete wakachungulia dirishani.

"Wewe! Mechi inaanza sasa hivi. Tukikosa mdakaji tumekwisha!"

Chapuchapu aliangalia daftari. Zilibaki sehemu sita. Kote alikopita alikuwa amepata kumi, na mara moja tu tisa. Hizo sita zingekuwa na tofauti gani? Akaandika kumi, kumi, tisa, kumi, kumi, kumi. Ile tisa aliitia kama mpishi anavyotia chumvi, ili mambo yakolee. Kisha akampelekea shangazi daftari.

Shangazi alilisoma akiwa palepale juu ya ngazi. Nyusi zikampanda.

"Hata bafuni, mlango ukiwa umefungwa? Mlango ule wa chuma nilikuwa nauogopa kweli. Nilishatengeneza na kisanduku cha kati cha kupokea ujumbe na kuusukuma mbele. Kumbe hatukihitaji! Hongera, nenda kacheze."

Timu yao ilishinda, lakini Chapuchapu alidaka mipira kama mtu anayefikiria jambo jingine.

Kesho yake mchana, wakiwa mezani, babu alijikohoza.

"Daktari amenipa tarehe. Jumanne nafanyiwa upasuaji wa macho, yote mawili. Nitafungwa bendeji siku mbili, nitakuwa napapasa kama kuku gizani."

"Na utalazwa wodi mpya, Baba," shangazi alisema. "Kitanda cha mwisho, karibu na bafu."

"Basi sina wasiwasi. Nikiteleza bafuni nabonyeza tu. Si mjukuu wangu mwenyewe ndiye aliyepima?"

Babu alicheka. Chapuchapu hakucheka. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akabakisha nusu sahani. Akilini alimwona babu yake sakafuni, macho yamefungwa, akibonyeza na kubonyeza, na mezani kwa wauguzi kimya. Alimpenda mzee huyu kuliko mtu yeyote duniani.

Akamfuata shangazi karakanani.

"Shangazi, sikupima bafuni. Sikupima na sehemu nyingine tano. Niliandika tu." Machozi yakaanza kumtoka kabla hajamaliza.

Shangazi aliweka bisibisi mezani.

"Nimekasirika," alisema. "Nimekasirika sana, sikufichi. Lakini umesema mwenyewe, tena mapema. Futa machozi, vaa viatu. Tunarudi sasa hivi."

"Na mimi nakuja!" babu akapaza sauti kutoka sebuleni. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini masikio yake yalisikia hata sukari ikikorogwa nyumba ya tatu.

Safari hii hakuna aliyefanya haraka. Stoo ilitoa kumi. Vitanda viwili vya mwisho, kimoja kilitoa kumi na kingine tisa. Ukumbi wa nyuma na choo vilikuwa salama. Kisha Chapuchapu akaingia bafuni, akavuta ule mlango wa chuma, akabonyeza. Nyekundu. Akahesabu hadi thelathini, akabonyeza tena. Nyekundu. Katika mara kumi, kijani iliwaka mara tatu tu.

"Niachieni mimi," alisema babu. Akaingia, akaketi kwenye kigoda, akakikumbatia kisanduku kifuani kama mtu aliyeanguka kifudifudi. Ili jaribio liwe la kweli, akaanza na kuugua: "Ooo, nakufa mie! Ooo, hamnioni!"

"Baba, kipimo hakihitaji maigizo!"

"Mgonjwa gani anaanguka kimya?"

Walicheka wote, ila matokeo hayakuchekesha. Kumi zote zilikuwa nyekundu. Chapuchapu aliiandika ile sifuri.

Shangazi akakifuata kile kisanduku cha kati. Walikifunga kwanza ukumbini, juu ya kabati la chuma, wakapata tano. Wakakihamishia dirishani, wakapata saba. Chapuchapu ndiye aliyegundua kwamba juu ya mlango wa bafu palikuwa na tundu la hewa lililoachwa wazi.

"Mlango unazuia, lakini pale juu si hakuna chuma?"

Shangazi akatazama juu, kisha akamtazama yeye. Wakakifunga kisanduku ukutani mkabala na tundu lile. Babu akaingia tena, akafunga mlango, akakumbatia, akaugua kwa bidii zaidi. Kijani, mara kumi katika kumi. Wakarudia tangu mwanzo. Kumi tena.

Chapuchapu akatoa kifutio na kufungua ukurasa wa jana. Shangazi akamshika mkono.

"Hapana. Kwetu sisi daftari la vipimo halifutwi. Kata kila namba ya uongo kwa mstari mmoja, ibaki inasomeka. Andika ya kweli pembeni, na saini yako."

"Lakini muuguzi mkuu ataona!"

"Ataona, ndiyo."

Jumatatu asubuhi, Chapuchapu akiwa na sare ya shule, muuguzi mkuu alifungua daftari. Alikuwa mama mrefu mwenye miwani. Kidole chake kilishuka taratibu, kikasimama.

"Sehemu sita zimekatwa. Nani alikata?"

Shangazi akamgeukia Chapuchapu. Chapuchapu akasogea mbele.

"Ni mimi. Niliandika bila kupima, nikaenda kucheza. Jana tulirudi tukapima kweli. Bafuni kengele ilishindwa, ndipo tukaongeza kisanduku cha kati."

Muuguzi mkuu alichukua kisanduku kimoja cha shingoni, akatembea hadi bafuni, akafunga mlango wa chuma. Mezani kengele ikalia na namba ikawaka. Ikalia tena, na tena. Aliporudi, akatia saini.

"Kama ningeona makosa haya bila mtu wa kuyaeleza, nisingezipokea kengele zenu," alisema. "Haya, kimbia shuleni. Utachelewa."

Jumatano jioni Chapuchapu na shangazi walikwenda kumwona babu. Walimkuta amekaa kitandani, bendeji nyeupe machoni, akimsimulia jirani yake jambo kwa mikono yote miwili.

"Hao wamefika! Njoo hapa, mjukuu wangu." Babu alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wake. "Asubuhi nilikwenda bafuni. Nikasikia kizunguzungu, nikakaa chini pwata! Nikataka kuita, sauti haikutoka. Nikabonyeza mara moja tu. Kabla sijahesabu hadi thelathini, muuguzi alikuwa amenishika mabega."

Chapuchapu alimkumbatia, akalia waziwazi mbele ya wodi nzima, na hakuona aibu. Shangazi akawakumbatia wote wawili.

"Sikiliza, mwanangu," alisema kwa upole. "Kengele yetu ilishindwa bafuni. Hiyo si aibu, vyombo hushindwa, ndiyo maana tunapima. Chombo kibovu tunaweza kukitengeneza, mradi tujue ni kibovu. Lakini namba ya uongo inatuambia tulale usingizi wakati mtu yuko sakafuni anatuita. Kila utakachoandika, hata kama hakuna anayekuona, kuna mtu siku moja atakitegemea."

"Nimeelewa, shangazi."

"Na mimi nimeelewa," alisema babu, bado amemshika mjukuu wake mkono. "Mtu huyo nilikuwa mimi."