Kazi ya Kusema Karibu

Hodi ya kwanza ilisikika mchana kweupe. Shufaa alikuwa sebuleni, mlango uko wazi, ua wote wa nyumba yao ya Ilomba unaonekana hadi kwenye kamba ya nguo. Hapakuwa na mtu. Iliingia harufu tu, ya nywele zilizoungua.

"Nani huyo?" mama yake, Bi Mwanakhamisi, aliuliza kutoka jikoni.

"Hakuna mtu, mama."

"Sasa umemkaribisha nani?"

Shufaa akachungulia tena uani. Kweli alikuwa ameitikia karibu, mdomo umejisemea wenyewe. Na katika nyumba ile hilo lilikuwa kosa kubwa. Tangu utoto, yeye na mdogo wake Amna walifundishwa kwamba hodi ya mtu usiyemwona huiitikii. Unauliza nani, mpaka ajitaje. Walishachapwa kwa kusahau.

Yote yalitokana na ile kazi. Kazi gani, balaa tupu! Miaka mitatu Shufaa alizunguka na bahasha ya vyeti, kila ofisi inamwambia tutakupigia, na simu ikiita ni mtu amekosea namba. Ndipo ukaja ujumbe kwenye simu: fanya kazi ukiwa nyumbani, hakuna usaili, mshahara mnono, nafasi zinaisha leo. Ofisi gani haina mahali, bosi hana jina, halafu ina haraka namna hiyo? Shufaa alijiuliza hivyo hivyo. Lakini alikuwa amechoka kukaa bure, akatuma picha ya kitambulisho, akatuma na ada ya usajili. Kazi yenyewe ilikuwa kujirekodi akisema "karibu ndani", basi. Aseme kwa furaha, aseme kwa upole, aseme kama anampokea mgeni wake mwenyewe. Walimwambia sauti hizo ni za kufundishia kompyuta.

Mshahara haukuja. Ilikuja ada ya mafunzo, ikaja ada ya kufungulia malipo.

"Kazi gani hii mtu anailipia ili aifanye?" aliwaandikia kwa hasira.

Jibu lilikuja hapo hapo. *Mlete na mdogo wako wa Kilolo, tutakulipa yote.*

Shufaa hakuwahi kuwatajia Amna. Alimlea mtoto yule pamoja na mama yao, akamsomesha kwa kuuza maandazi, na sasa Amna naye alikuwa amemaliza chuo na anahangaika na bahasha yake huko Kilolo. Yeyote afanywe mjinga, lakini si Amna. Akaizuia namba ile na kuifuta.

Tangu hapo nyumba haikukalika. Hodi ilipigwa mlango wa uani, ikapigwa dirishani, ikapigwa ndani ya kabati la vyombo, na kila ilipopigwa, kabla Shufaa hajafungua mdomo, sauti yake mwenyewe iliitikia kutoka chumba kisicho na mtu, karibu ndani, kwa furaha, karibu ndani, kwa upole, na kila ilipoitikia kiti kimoja cha sebuleni kililia kama kimekaliwa, na ile harufu ikazidi hadi moshi wa mkaa haukusikika tena, na Bi Mwanakhamisi, ambaye hakuwahi kumwogopa mtu, alijivuta ukutani na khanga yake mdomoni akanong'ona, "Shufaa mwanangu, hawa wote umewaalika wewe?"

Shufaa alitaka kujibu. Sauti ilitoka imekwaruza, nusu tu.

Maalimu Ibrahimu aliletwa kutoka Uyole baada ya alasiri. Alinusa mlangoni, akamsikiliza Shufaa, akakasirika waziwazi.

"Mtu hujui sura yake, hujui anakaa wapi, anakudai hela ndiyo akupe kazi, na wewe unatoa! Hata jini siku hizi hahangaiki kuingia. Haya, simama."

Akasoma, akanyunyiza maji, akampitisha Shufaa mlango kwa mlango na kumwamuru aseme: sikukujua, nimeondoa karibu yangu, toka. Viti vikalia kimoja kimoja, vinaachwa. Harufu ikakatika. Lakini neno la mwisho lilipomtoka Shufaa, sauti nayo ikaisha kabisa.

"Itarudi, Maalimu?" Bi Mwanakhamisi aliuliza kwa hofu.

"Waliokuwa humu wametoka. Hiyo sauti aliituma mwenyewe, mama. Sijui iko wapi."

Bi Mwanakhamisi akamsindikiza barabarani. Shufaa alibaki peke yake, na simu ikaita. Ilikuwa Amna.

"Dada, asante jamani! Nimezisikiliza voisi zako zote, zile za namba yako mpya. Mwanzoni niliogopa, nikasema hawa si matapeli? Ila ulivyonielewesha wewe mwenyewe, nikatulia. Ada nimeshatuma. Leo nimeanza kurekodi."

Shufaa alifungua mdomo. Ikatoka pumzi tu. Akapiga meza kwa kiganja, akagonga simu kwa kucha, machozi yanamwagika kwa ghadhabu.

"Haloo? Mtandao gani huu! Ngoja dada, kuna mtu mlangoni."

Kule Kilolo hodi ilipigwa, na Shufaa akaisikia vizuri. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Hee!" Amna akacheka kwa furaha. "Kumbe uko hapa nje, unanipigisha kelele kwenye simu bure! Karibu, dada. Karibu ndani."