Hodi Kwenye Nyumba Tupu

Siku ile Thuraya aliamka vizuri tu. Alimgeuza mama yake, Bi Mwanamkuu, akamsafisha, akamnywesha uji, kisha akatoa cherehani barazani aendelee na mapazia ya watu. Kariakoo ilikuwa imeshachangamka. Wapagazi wanasukuma mikokoteni, machinga wanapanga bidhaa chini, spika za madukani zinashindana kelele. Asubuhi ya kawaida kabisa, ukiacha ule ukuta.

Nyumba yao ilijengwa zamani ikiwa imegawana ukuta mmoja na nyumba ya marehemu Muhiddin. Muhiddin alipofariki, wanawe walioko Maskati walianza kugombea mirathi na hawajamaliza hadi leo. Nyumba ikafungwa. Mti ukaota juu ya paa, na masika ya mwaka huu ukuta ukatoa tumbo, tena upande wa chumbani kwa Bi Mwanamkuu, usawa wa kichwa chake. Kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande wa kushoto. Kitanda kilikuwa kimekijaza chumba, na vyumba vingine wamo wapangaji ambao kodi yao ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Kila usiku Thuraya alilala akisikiliza udongo ukidondoka kwenye shuka la mama yake.

Alikuwa amelalamika serikali ya mtaa mpaka akajulikana kwa jina. Mtendaji wa mtaa, kijana mmoja mpole aitwaye Leodegar, alimweleza utaratibu kwa mara nyingine.

"Dada, jengo likihatarisha jirani na halina mkazi, manispaa inalibomoa bila kumsubiri mwenyewe. Likiwa na mkazi, lazima mwenye nyumba apatikane, aitwe, asikilizwe."

"Mkazi gani, Leodegar? Mle wanakaa popo."

"Basi nitaingia nijiridhishe, niandike halina mtu. Tutakuwa tumemaliza."

Asubuhi hiyo kweli alikuja. Mlango wa mbele ulikuwa umeoza, ukisukuma unafunguka. Leodegar alisimama kizingitini, na kama mtu yeyote aliyelelewa, akabisha hodi. Akaingia. Thuraya alishona pazia zima akimsubiri. Alipotoka alikuwa mtulivu, uso umelegea kama mtu aliyekula akashiba.

"Kuna watu, dada."

"Watu gani?"

"Familia. Wamenikaribisha vizuri." Akaaga, akaenda zake. Lami ilikuwa inaunguza, naye alikuwa anaikanyaga pekupeku bila habari.

Thuraya alishikwa na hasira mpaka machozi yakamtoka. Alijua anadanganywa. Ama kijana amehongwa na wale wa Maskati, ama ni uvivu. Akapanda juu zaidi, manispaa. Huko aliambiwa aje kesho, kesho akaambiwa mhusika yuko semina, mhusika aliporudi akaambiwa gari halina mafuta. Alikaa kwenye mabenchi yao mpaka akawajua wafagizi. Hatimaye akapewa mkaguzi wa majengo, mzee Kasmir, mtu wa buti nzito na kofia ngumu.

"Shikamoo mzee. Nakuomba uangalie ukuta tu."

"Marahaba mwanangu. Naangalia kila kitu mimi."

Safari hii Thuraya alimfuata hadi mlangoni. Alimsikia akibisha hodi. Hakusikia jibu lolote. Akamsikia Kasmir akisema, "Ahsante, ahsante, nimeshakaribia."

Kasmir alitoka adhuhuri ikiadhiniwa. Kofia anayo, buti hana. Pumzi yake ilinukia kahawa ya tangawizi.

"Wenyeji waungwana sana," alisema. "Siwezi kuandika nyumba haina watu, mwanangu. Nitakuwa nimesema uongo."

Usiku huo kipande cha plasta kikubwa kama sahani kiliangukia mto wa Bi Mwanamkuu. Kilimkosa sikio. Thuraya alikiokota, akakaa nacho mapajani hadi alfajiri, na hapo ndipo wazo lilipomjia. Shida ilikuwa hodi zao. Anayebisha hodi anaomba mwenyeji, na huko ndani kuna kitu kilichokuwa kinaitikia. Yeye angeingia bila hodi. Angepiga picha na simu yake, waone wenyewe, aone watasema nini tena.

Aliingia mchana, jua la utosi. Alisukuma mlango, akafumba mdomo. Neno lilimpanda hadi kwenye ulimi, akalimeza.

Hatua chache tu, kelele za sokoni zikakatika.

Paa lilikuwa limebomoka na jua likimwagika ukumbini. Majani, mavi ya popo, mabati yenye kutu. Hakuna mkeka, hakuna jiko, hakuna kikombe. Akaanza kupiga picha huku akicheka peke yake kwa uchungu. Ndipo alipoviona viatu. Vilikuwa vimepangwa kando ya mlango wa chumba, jozi kwa jozi, visigino vimegusa ukuta. Buti za Kasmir. Viatu vya Leodegar. Na vingine vingi vya kike na kiume, ngozi imekauka na kupinda, vya mitindo ambayo haivaliwi tena.

Aliingia kwenye chumba kinachopakana na cha mama yake. Ukuta ulikuwa na alama. Chini, usawa wa mtu aliyekaa, chokaa ilikuwa imelika na kulainika, mgongo baada ya mgongo, kutoka pembe hadi pembe.

Akaweka kiganja. Palikuwa na joto.

Angetoka hapo hapo, pengine yangekwisha. Lakini miezi yote ya njoo kesho ilimpanda kichwani. Mama yake amelala chini ya ukuta huu, na hawa wamekaa wameuegemea.

"Hii nyumba haina mtu," alinong'ona. "Na kama mpo, tokeni. Mkakae kwingine."

Akaondoa kiganja ukutani.

Kisha mkeka ukakung'utwa. Hakuuona. Aliusikia. Ukakunjwa. Mtu akakohoa. Nyayo zikaanza kupita, taratibu, za watu wazima wasio na haraka. Kitu kilipangusa ukingo wa baibui lake. Kikapita. Kingine. Kingine tena.

Thuraya alitoka mbio. Hakwenda kwake. Alimpigia simu Leodegar akiwa barabarani, akamwambia aje sasa hivi. Kijana alifika, akabisha hodi. Akasubiri. Akabisha tena. Hakuitikiwa. Akaingia, na muda si mrefu akatoka ameshika viatu vyake, anavitazama kwa mshangao.

"Hakuna mtu, dada. Samahani sana. Sijui siku ile niliona nini."

Aliandika pale pale kwenye baraza la Thuraya: halina mkazi, libomolewe. Akagonga muhuri. Thuraya aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akalia waziwazi mbele za watu. Hofu yote ilimtoka. Mama yake atalala salama, hilo tu ndilo alilolitaka. Akaingia ndani kumwambia.

Chumbani kulikuwa na harufu ya udi. Bi Mwanamkuu alikuwa ameegemezwa kwenye mito, uso mchangamfu.

"Hukuniambia kama tunapata wageni," alisema polepole, kwa ule upande wa mdomo uliobaki na nguvu. "Walibisha hodi. Wanasema huko walikokuwa wamefukuzwa. Nikawaambia karibuni, ningesemaje, mwanangu?"

"Wako wapi, mama?"

Bi Mwanamkuu aliona swali hilo ni la ajabu. Akamtazama bintiye, kisha akatazama sakafu yote ya chumba, pembe hadi pembe, kwa adabu, kama anayemwombea radhi kwa wageni.

Thuraya alimshika mkono ule wa kushoto amwinue, amtoe humo. Tangu siku ya kiharusi mkono huo ulikuwa ngumi. Mtaalamu wa mazoezi alishindwa kuufungua, na yeye mwenyewe alikuwa anausafisha kwa kupenyeza kitambaa kati ya vidole.

Sasa ulikuwa wazi juu ya kanga. Kiganjani mlikuwa mmechorwa hina, maua madogo madogo yaliyofuatana hadi kwenye ncha za vidole, kazi ya mkono usiotetemeka.

Aliigusa. Ilikuwa bado mbichi.