Vioo Vitatu vya Mwalimu Mwamvita

Mwaka 1984, abiria wakishuka kwa kusukumana stesheni ya Tabora, mwanamke mwenye gauni la kitenge cha njano alimkanyaga fundi mmoja wa umeme aliyekuja kupokea mzigo wa karakana yake.

"Samahani, kaka! Nimekuumiza?"

"Usijali, ninao mguu mwingine," fundi huyo, Lukumani, alicheka. "Mbona kisanduku umekikumbatia kama mtoto?"

Mwamvita, mwalimu mpya wa fizikia katika shule ya wasichana, alikifungua. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya kioo alivyopewa na profesa wake Leningradi.

"Vyote vina kemikali ileile, ila punje zake zimepishana ukubwa. Ni ndogo mno, darubini ya shule haizioni. Ukivimulika kwa mwanga maalumu, chenye punje ndogo kabisa hutoa buluu, za kati kijani, kubwa nyekundu. Lakini shule haina taa ya mwanga huo. Wasichana watasema nawatungia."

"Taa niachie mimi."

Kila jioni Mwamvita alipita karakana ya fundi huyo mtaani Ng'ambo na karanga za kukaanga, akamkuta Lukumani akihangaika na taa kuukuu ya zebaki ili itoe mwanga ule. Mwezi haukuisha, wakaanza kuitana "mpenzi".

Taa ikawaka. Mwamvita alikwenda Dar kikazi, akaahidi kurudi Jumamosi wawaonyeshe wanafunzi. Siku hiyo Lukumani, ndani ya suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, alisubiri darasani hadi adhuhuri.

"Hujui?" mwalimu mmoja akamwambia. "Ameomba uhamisho."

Akaiacha taa mezani, akaondoka.

Jumapili akaitwa kwenye simu ya duka la jirani.

"Lukumani, niko stesheni ya Tura! Treni imekwama tangu jana."

"Nasikia unahama."

"Niliomba wiki ya kwanza, nilipoikuta maabara tupu. Dar nilikwenda kuufuta uhamisho huo. Niliona aibu kukwambia nilitaka kukimbia."

Lukumani alishusha pumzi. "Basi njoo, mpenzi. Nitakupokea."

Jumatatu madirisha yalifunikwa mablanketi. Taa ilipowashwa, vioo viling'aa: buluu, kijani, nyekundu. Wasichana wakapiga vigelegele.

"Mshukuruni fundi," alisema Mwamvita, machozi yakimlenga. "Bila yeye ningekuwa na maneno matupu."

Walipotoka nje, Lukumani alimshika mkono. "Nimtume nani kwa baba yako?"

"Mtume mtu mwenye subira," alicheka Mwamvita. "Baba akianza salamu asubuhi, humaliza adhuhuri."